Oili Ndani ya Rejeta

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alinawa uso na kwenda moja kwa moja uani kulikoegeshwa lori. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alibandikwa na jirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa dereva wa lori hilo la dizeli, mali ya tajiri mmoja mwenye ghala la mbao. Mama alikagua matairi na breki. Chiriku alifuta vioo na kuongeza maji mekundu ya rejeta, yale ya kupoza injini, kutoka kwenye dumu la stoo.

Kazi hiyo aliiomba mwenyewe, na Mama alimpa sharti moja.

"Kabla ya kumimina, tia tone kwenye vidole, usugue, kisha unawe. Maji ya rejeta yanatoka mara moja. Oili ya stelingi, ile ya usukani iliyo kwenye dumu la pili, haitoki ng'o mpaka kwa sabuni. Vyote ni vyekundu, mwanangu. Usiamini macho."

Jumatatu, wenzake walikuwa langoni na mpira. "Chiriku, tunakuacha!" Akashika dumu lililokuwa karibu, akamimina, akafunga kifuniko, akatoka mbio. Tone vidoleni hakutia.

Jumatano Mama hakufika ghalani. Mshale wa joto ulianza kupanda, akaegesha papo hapo, injini ikapoa, kisha akalisogeza lori polepole hadi gereji ya mtaa wa pili. Chiriku alipompelekea chai ya asubuhi, alimkuta amesimama kando ya fundi mmoja wanayemwita Kipara.

Fundi alisubiri rejeta ipoe kabisa ndipo akaifungua. Akaingiza kidole. Kikatoka na utelezi mzito wa rangi ya waridi.

"Oili imeingia kwenye maji," akasema. "Gasketi inayotenga oili na maji imekwisha, dada. Gari imechemka, na wewe ukaendelea kukanyaga tu."

"Halijawahi kuchemka mikononi mwangu. Leo mshale umepanda kidogo, nikaegesha."

"Madereva wote husema hivyo. Ukiwasikiliza, utadhani magari hujiharibu yenyewe."

Mama akampigia tajiri. Sauti ya tajiri ilisikika hadi kwa Chiriku: "Fundi afungue injini. Akikuta umeiunguza, funguo uziache hapo hapo!"

Mama akakaa juu ya tairi kuukuu. Alikuwa utingo miaka mitatu kabla ya kuaminiwa usukani, na kwa tajiri yule hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeendesha.

Fundi aliteka yale maji kwenye chupa ya kioo, akaiweka juani ili yajitenge, kisha akaanza kupanga spana zake. "Chiriku, leo umemeza nini? Mbona kimya?"

Chiriku alikuwa anaitazama chupa. Juu ya maji palijitenga tabaka jembamba, jekundu. Akalikumbuka dumu la Jumatatu. Akimwambia Mama, hataaminiwa tena na lori. Asipomwambia, Mama atapoteza kazi. Mama alikuwa tayari anazichomoa funguo kwenye pete yake, moja moja.

"Si Mama!" Sauti ilimtoka kwa kishindo. "Ni mimi. Jumatatu niliongeza maji bila kupima vidoleni. Nadhani nilimimina oili ya stelingi."

Mama akaacha kuzichomoa funguo.

"Maneno nimeyasikia," fundi akasema. "Sasa tuyapime."

Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akakipangusia kwenye kitambaa cheupe. Doa likawa jeusi tii. "Oili ya injini ya dizeli ikishatumika huwa hivi. Ingevuja kutoka ndani ya injini, chupani tungeona weusi. Hii ni nyekundu." Kisha akafunga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, akaijaza, akasubiri robo saa. Presha haikushuka hata kidogo.

"Gasketi nzima kabisa. Dada, nisamehe, nilikuhukumu mapema."

Kazi ikaanza. Maji machafu waliyakinga kwenye pipa, kwa sababu ni sumu na hayamwagwi mtaroni. Fundi akatoa tamostati, kidhibiti cha joto la maji, na kuisafisha, wakajaza maji yenye sabuni isiyotoa povu, injini ikawashwa mpaka ikapata joto, ikaachwa ipoe, wakayatoa. Wakarudia. Chiriku ndiye aliyebeba ndoo, na viganja vikamtoka malengelenge. Ilipofika mara ya sita, maji yalitoka safi kama yalivyoingia. Mipira miwili ya kupitishia maji ilikuwa imelegea, maana oili hula mpira. Fundi akaweka mipya, kisha akajaza maji ya rejeta yanayostahili.

Jioni walilijaribu lori barabarani. Mshale ulisimama katikati, ukatulia.

Mama alimpigia tajiri na kumweleza yote. "Binti yangu amekosea, na mimi nimekosea kuweka madumu mawili yanayofanana mahali pamoja bila kuyaandika."

"Haya," tajiri akasema. "Mbao zinakusubiri kesho saa moja. Usichelewe."

Mama akazirudisha funguo kwenye pete. Chiriku akauliza kwa sauti ndogo, "Umenikasirikia?"

"Ndiyo. Umeruka kazi ya dakika moja, tumepoteza siku nzima." Akavigeuza viganja vya mwanawe, akavipuliza taratibu. "Lakini sikiliza. Ungenyamaza, fundi angefungua injini nzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo, na mimi ningekwenda nyumbani bila kazi, nisijue nilikosea wapi. Kazi uliyopewa ifanye yote, hata kama hakuna anayekutazama. Na siku ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linatoka kwa maji na sabuni. Leo umesema ukiwa unaogopa. Hilo, mwanangu, ndilo litakalonifanya nikuamini tena."