Wa Paje Ndani ya Kabati la Vioo

Mwatum wa Paje alikuwa msokota kamba za makumbi. Siku moja, mwaka 1970, yeye na mumewe Mjaka walipeleka kamba mjini kuuza. Mvua ikawakuta njiani. Wakajibanza katika nyumba ndogo ya makumbusho.

Ndani ya kabati la vioo waliona fuvu la mtu. Chini yake pameandikwa neno moja: Paje. Mwatum ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima, lakini neno hilo alilijua.

"Mjaka! Huyu mtu wa kwetu!"

"Nyamaza. Vitu vya serikali hivi."

"Mtu si kitu," alisema Mwatum, na machozi yakamtoka.

Msimamizi, Bwana Muhiddin, alimsikia.

"Alifukuliwa kaburini barabara ilipokatwa," alieleza. "Mkubwa mmoja wa kikoloni alimleta. Hakuuliza mtu. Jina la marehemu hatulijui. Kakubalianeni huko kwenu, mje na wazee. Tutakupeni mkamzike."

Kijijini mambo yakaharibika. Mwatum alisema ni babu yake, na azikwe kwao. Jirani yake, Bi Mwamvua, akasema ni wa kwake yeye. Wakanuniana. Kisimani hata salamu hawakupeana. Na maiti yumo kabatini, anawangoja wao wamalize ugomvi!

Bwana Muhiddin alipoona kimya, alikwenda Paje. Akawakusanya.

"Bahari ikitupa maiti hapa pwani, mnauliza kwanza ni wa nani?"

"A-a! Tunamzika," alijibu Bi Mwamvua. "Ni fardhi kifaya. Asipozikwa, dhambi ni ya mji mzima."

"Na huyu je?"

Bi Mwamvua aliinamisha kichwa. Aliona haya, na Mwatum pia.

"Bi Mwamvua, nisamehe," alisema Mwatum. "Tumemgombania kama shamba la urithi."

"Tumekosa sote, mwanangu. Wazee wakamchukue."

Wazee wakaenda mjini pamoja na Mjaka. Bwana Muhiddin akamtoa kabatini kwa mikono yake mwenyewe, nao wakamfunga sanda. Alasiri ile wanaume wakamzika katika makaburi ya mji wote.

Mjaka aliporudi, Mwatum alikuwa na swali. Kwenye talkini, mwalimu wa chuo anapomsomea maiti kaburini, humwita kwa jina la mama yake.

"Mwalimu kamwitaje? Mama yake nani anamjua?"

"Kamwita mwana wa Hawa, mama yetu sote."

Mwatum akacheka huku akifuta machozi.

"Basi nshashinda," alisema. "Na Bi Mwamvua naye kashinda."