Mpira Ambao Haukulala

Kila alasiri, Dufie alipotoka shule, alivua sare, akavaa gauni kuukuu lenye madoa ya oili na kushuka hadi gereji ya mjomba wake, Boadi, kule Suame, mtaa wa mafundi wa magari. Vijana wa gereji ya jirani walimwita Mama Fundi, nao walicheka kweli kweli.

"Mama Fundi, leo umetuletea injini au maandazi?"

"Nimewaletea akili, lakini naona hamna pa kuiweka," aliwajibu bila kugeuka. Hakuwa mtoto wa kuonewa kwa maneno.

Alichokiogopa kilikuwa nyuma ya gereji. Hapo lilisimama gofu la basi dogo lililoungua. Dereva wake, Mzee Adade, alifia ndani yake. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja kuliulizia, na kila mara Mjomba Boadi aliwafukuza. Kila asubuhi alilisalimia gofu hilo kama anavyosalimiwa mtu, ndipo akaanza kazi. Mlango wa nyuma wa gofu uliwahi kuandikwa "Mungu Ataonyesha". Moto ulikula neno la kwanza, likabaki la pili peke yake, na Dufie alipopita hapo alihisi neno lile linamfuata kwa macho.

Wiki ile walikuwa na basi la Sarpong, dereva mcheshi aliyependa kuimba kuliko kuendesha. Injini yake ilikuwa imekufa, wakamtilia nyingine iliyotoka ng'ambo. Hiyo ilitaka petroli isukumwe kwa nguvu nyingi, na mabomba ya zamani yasingestahimili. Kwa hiyo Mjomba Boadi alipima kwa uzi na kukunja mabomba mapya ya chuma. Kwenye ncha, pale injini inapotikisika, vilihitajika vipande vya mpira.

"Mpira huu mzuri, Mjomba," alisema Dufie. "Si umepigwa muhuri kwamba ni wa petroli?"

"Muhuri hata mimi naweza kuupiga kwenye ndala zako," alijibu Mjomba. "Mpira tunaujua kwa kuulaza. Kata kipande, ukilaze kwenye petroli mpaka asubuhi. Ukiwa wa kweli, utaamka ulivyolala. Ukiwa wa bandia, utavimba. Kazi hiyo nakupa wewe."

Dufie alifurahi mpaka akasahau kuuliza kopo la petroli liko wapi. Kisha akakumbuka. Kopo lilikaa nyuma, mbali na cheche za kuchomelea, ubavuni mwa lile gofu.

Jua lilikuwa linazama alipokwenda. Alipokaribia, bati la gofu likalia: tik. Likanyamaza. Tik. Bati lililochomwa na jua mchana kutwa hulia hivyo linapopoa, na Dufie, binti wa gereji, alilijua jambo hilo vizuri. Lakini miguu yake haikulijua. Ilimrudisha mbio, na kile kipande cha mpira kikabaki mfukoni mwake.

Asubuhi alichovya kipande kwenye petroli, akakitoa papo hapo na kumpelekea mjomba wake.

"Kimelala?"

"Kimelala, Mjomba."

Mjomba Boadi alikinusa, akakibinya, akakikunja. Kilikuwa kigumu vilevile. "Mpira wa kweli," alisema, akaenda nyuma kukirudisha ndani ya kopo kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akaingia chini ya boneti kufunga mabomba, huku akipiga mluzi.

Siku hiyo darasani Dufie alisikia harufu ya petroli. Alinusa vidole vyake. Wakati wa mapumziko alivisugua kwa sabuni, kisha kwa ndimu.

"Unasikia harufu?" alimuuliza Pomaa, rafiki yake.

"Ya nini? Nasikia ndimu tu. Unataka kujikaanga?"

Harufu haikuondoka. Ilikuwepo kwenye daftari, ilikuwepo kwenye wali wa jioni, na alipolala aliisikia kwenye shuka. Alijiambia kwamba mpira ule huenda ni wa kweli, basi hakuna ubaya. Alijiambia hivyo mara nyingi mno, na kila mara aliamini kidogo zaidi kwamba anajidanganya.

Asubuhi ya Jumamosi, basi la Sarpong lilijaa waombolezaji waliovaa nyeusi na nyekundu, wakielekea mazishini Offinso. Bibi yake Dufie alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na injini. "Baki salama, mjukuu wangu," alisema akipunga mkono.

Vumbi la basi lilipotulia, Dufie hakuweza kuvumilia tena. Alikwenda nyuma ya gereji mchana kweupe, akachungulia ndani ya kopo. Kipande kilikuwa kimevimba. Alipokibinya kiligawanyika kwa urahisi, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Aliinua macho, na neno lilikuwa palepale mlangoni: Ataonyesha.

Alikimbia akilia. "Mjomba! Mjomba, sikukilaza! Niliogopa gofu, nikakichovya tu asubuhi! Bibi yumo ndani!"

Mjomba Boadi alitazama mpira uliooza mkononi mwa mtoto. Hakumgombeza. Uso wake ulizeeka ghafla, na hilo lilimtisha Dufie kuliko kofi. Alimpigia Sarpong simu. Ikaita, ikaita, haikupokewa. Bila shaka basi zima lilikuwa linaimba.

"Panda," alisema, akiwasha pikipiki.

Waliliona basi njiani, pale Afrancho, limesimama kando ya wauza mikate, injini inanguruma. Kabla hawajafika, harufu iliwafikia. Safari hii haikuwa ya vidole vya Dufie.

"Zima injini!" alifoka Mjomba. "Wote shukeni!"

"Eti nini, fundi? Umekuja kutuombea?" alicheka Sarpong, mkate mdomoni. Lakini alipomwona Mjomba usoni, alizima. Dufie aliushika mkono wa bibi yake na kumvuta chini, hakuuachia.

Mjomba alifungua boneti. Mpira ulikuwa umetutumka, na petroli ilikuwa inachuruzika tone kwa tone, ikitua umbali wa kiganja kimoja tu kutoka kwenye bomba la moshi lililowaka joto. Hakuna aliyecheka tena. Sarpong aliketi barabarani na kushika kichwa.

Waombolezaji walitafutiwa gari lingine. Kabla ya kupanda, Bibi alimwinua Dufie kidevu.

"Nimeambiwa umesema mwenyewe."

"Nimechelewa kusema, Bibi."

"Umechelewa, ndiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo ungewavalisha watu nguo hizi nyeusi mara mbili." Kisha akamkumbatia, na Dufie akalia upya.

Jioni, Mjomba Boadi alimpeleka mbele ya gofu.

"Adade alikuwa rafiki yangu," alisema. "Nilimwambia asubiri mpira ulale. Akasema ana abiria, hana nafasi. Tukagombana, nikamwambia aende zake. Akaenda kwa fundi mwingine, akafungiwa mpira usiolazwa siku ileile, na basi likawaka moto njiani. Nimeliweka gofu hili ili kila siku nikumbuke kwamba ningeweza kumshika mkono." Kisha akamgeukia. "Kuogopa si kosa, Dufie. Ungeniambia unaogopa, ningekuja nawe. Lakini uliposema kimelala, ulinifanya nifunge kifo kwa mikono yangu mwenyewe. Anayefanya kazi leo hutegemea ukweli wa aliyefanya jana."

"Nisamehe, Mjomba. Sitagusa tena kopo."

"Utaligusa sasa hivi," alisema, akamkabidhi kipande cha mpira mpya. "Nije nawe?"

Dufie alitazama kopo, akatazama gofu. Bati likalia: tik.

"Njoo, Mjomba," alisema. "Bado naogopa."

Wakaenda pamoja. Dufie aliinama, akakilaza kipande kwenye petroli na kufunika kopo. Kisha akageukia ule mlango ulioungua.

"Shikamoo, Mzee Adade," alisema kwa sauti ndogo. "Leo kimelala kweli."