Kikombe cha Papa Muyisa

Vali ilikuwa imeibwa kwa heshima. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Valentin alipoinama juu ya shimo la zege huko Bulengera, mjini Butembo, Alhamisi asubuhi, chupa ya maji ya dukani ikiwa imetuna mfukoni mwa koti lake.

Ndani ya shimo mabomba mawili yalitazamana, na katikati, mahali pa vali ya kufungia maji, hapakuwa na kitu. Moja lilishuka kutoka chemchemi ya mlimani, kwenye mtandao mdogo ambao baba mmoja na majirani zake waliuchimba kwa mikono miaka thelathini iliyopita. La pili lilikuwa la mtandao wa mji. Jumamosi mitandao hiyo miwili ingeunganishwa, na mitaa ya chini, ambako akina mama hupanda kilima na bidoni za maji mgongoni, ingepata maji karibu na milango yake. Bila vali, hakuna la kuunganisha.

"Ni Malachie," alisema Myriam, injinia wa mradi. "Anauzisha mayi na pikipiki. Ku réunion alisema atavunja yote."

"Alisema mbele ya nani?"

"Mbele ya batu bote."

"Basi ni mwizi mjinga kweli."

Hata hivyo alimkamata Malachie, maana watu walishaanza kuokota mawe. Kisha akarudi shimoni. Kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo. Bolti nane zilipangwa ukingoni, zimepakwa grisi, zimefunikwa kwa jani la mgomba zisilowe na mvua. Alama za vidole hazikupatikana. Na shimo lilikuwa kavu kabisa.

"Kama mtu anafungua vali, maji si yangejaa humu?" aliuliza Valentin.

"Yangejaa. Lazima afunge kwanza kule juu."

"Nani anaweza kufunga kule juu?"

Myriam alitazama mlimani. "Papa Muyisa tu. Mulinzi ya chemchemi. Mais lakini yule ni mutu ya Mungu, chef. Baba yake njo alichimba ile mayi."

Kule mahabusu, Malachie alikuwa amekasirika kuliko alivyoogopa.

"Ulisema utavunja."

"Nilisema! Mudomo ni yangu. Mais kuiba, hapana. Chef, kama ni miye, ningeacha bolti, zile boulons? Hata boulons zinauzishwa!"

Valentin nusura acheke. Hilo lilikuwa neno la kwanza la akili alilolisikia tangu asubuhi. Lakini malalamiko ya kamati ya chemchemi yalikwisha kuandikwa, na mkubwa wake alitaka mtu.

"Kesho saa kumi unapelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka," alisema, "nisipopata mwingine."

Ijumaa asubuhi akapanda mlima akihema. Alikuwa mtu wa Kwilu, kwenye joto, mwaka wa pili sasa Butembo, na baridi ya huku alikuwa bado hajaizoea. Kwenye chemchemi alikuta foleni ya bidoni za njano, na kando ya bomba mzee mwembamba ameketi juu ya jiwe na kikombe cha bati. Bomba lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyelalamika.

"Tunangoja nini, mama?" alimuuliza mwanamke wa mbele, aliyejitaja kuwa Bénite.

"Papa Muyisa amekwisha kunywa. Anangoja kidogo, kisha atafungua. Kila siku ni vile. Yeye njo anakunywa mbele ya batu bote."

"Tangu zamani?"

"Hapana. Tangu mwaka ya Ebola, wakati mama yake, Julienne, alikufa. Tunasema ni maombi yake."

"Mama alizikwa wapi?"

"Ku Beni, kule Mavivi, kwa binti yake Mariette. Hatukufika ku kilio. Ile wakati, kila mutu alikuwa na woga."

Valentin aliinua macho. Juu ya chemchemi magugu yalisimama marefu, isipokuwa mahali pamoja palipopaliliwa vizuri na kupandwa maua. Urefu wake ulikuwa wa mtu aliyelala.

Alisogea pembeni akapiga simu kituo cha polisi cha Mavivi. Baada ya nusu saa Mariette alikuwa kwenye simu.

"Kwangu? Hapana, chef! Kaka aliniambia mama alizikwa kule kule Butembo, na équipe ya Ebola, wale ya kuzika batu. Sikuona hata kaburi. Kuko nini?"

"Nitakupigia tena, mama."

Majirani waliambiwa Beni, binti akaambiwa Butembo. Valentin alingoja foleni iishe, kisha akaketi karibu na mzee.

"Papa, saa kumi Malachie anapelekwa parquet."

Muyisa alikigeuza kikombe mkononi. "Malachie hapana mwizi."

"Najua. Mwizi hapaki bolti grisi. Papa, yale maua ni ya nani?"

Mzee alikiweka kikombe chini. Alipoanza kusema, alisema polepole, na Valentin hakumkatiza.

"Ni ya mama. Homa ilimushika siku tatu. Équipe ingekuja, ingemuweka mu saki, batu ambao hata hatuone sura yao. Aliniomba: Muyisa, unizike kando ya mayi ya baba yako. Nilimuzika miye peke yangu. Hakuna mutu alimupima. Mpaka leo sijui ni nini ilimuua."

"Kisha?"

"Kisha nikaona nimefanya nini. Mayi inatoka chini yake."

"Kwa nini hukufunga chemchemi?"

"Bangekunywa ya mutoni, batoto bakufe na tumbo. Na kama ningesema, bangemufukua. Donc nikasema, nitakunywa mbele. Nikigonjwa, bataona, batafunga. Hapa nawajua bote kwa jina. Mais mu mji? Batu maelfu! Batafungua robinet wakati miye nalala. Nitakuwa mbele yao namna gani?"

Valentin alikuwa amewahoji wauaji katika mikoa minne. Hapa aliuliza tu vali iko wapi.

Ilikuwa chini ya kitanda cha mzee, imefungwa ndani ya kitenge cha marehemu. Muyisa mwenyewe alikwenda nayo hadi mahabusu, akampigia Malachie magoti na kumweleza yote.

"Papa, umenilaza mu cachot juu ya kikombe?" Malachie alifoka. Kisha akamwinua, akamrudisha mzee nyumbani kwa pikipiki yake.

Kamati ya chemchemi iliondoa malalamiko. Jumamosi ilipita bila sherehe, na Valentin akapeleka maji ya chemchemi Beni yeye mwenyewe, kwenye maabara alikofanya kazi muuguzi Christa. Siku kumi baadaye Christa alipiga simu.

"Mayi ni safi, chef. Na ile ugonjwa haikae mu udongo miaka sita. Umwambie alale."

Mariette akaja kutoka Mavivi kumlilia mama yake. Myriam akazungushia kaburi ua, wala hakuna aliyelifukua.

Siku ya kuunganisha, watu wa mtaa wa chini walijaa kwenye bomba jipya. Papa Muyisa alishuka mapema na kikombe chake. Alipokinyoosha kukinga maji, Valentin alikifunika kwa kiganja.

"Leo, papa, unakunywa wa mwisho."

Mzee akasimama kando. Bénite akanywa, watoto wakanywa, Malachie akanywa na kunawa uso kwa mbwembwe. Kila mmoja alipomeza, Muyisa alimeza mate. Valentin akamwaga maji yake ya dukani chini, akajaza chupa bombani, akanywa nusu yake bila kupumzika.

Bidoni ya mwisho ikaondoka. Muyisa akakinga, akanywa polepole, akafuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Miaka sita nakunywa hii mayi," alisema. "Sikusikia hata siku moja kama iko tamu."