Mkanda Haukuwa na Kosa

Kila asubuhi, baada ya swala, Adow alifuta vumbi kwenye kioo cha pikapu yake. Kisha aliwasha injini na kushika barabara ya Modogashe. Alikwenda kwa wafugaji kuchukua maziwa ya ngamia, akayaleta mjini Garissa. Kina mama waliyangoja Soko Mugdi. Waliyauza kwa vikombe na kwa chupa, na jioni walirudi nyumbani na unga na sukari ya watoto.

Mmoja wa kina mama hao aliitwa Kaaha. Alikuwa dada mdogo wa marehemu mama yake Adow, na ndiye aliyemlea. Adow alimwita habaryar, yaani mama mdogo. Siku nyingine Kaaha alipanda naye gari, akachague maziwa yeye mwenyewe.

Adow aliishi Bulla Iftin na mkewe Ruweyda, binti yao Sadia na wadogo zake. Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Mwalimu Wanjugu. Mwanamke huyu alitoka Nyeri, na alifundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja mjini. Alikuwa amekaa Garissa muda mrefu, hata chai yake aliinywa na maziwa ya ngamia.

Siku moja Wanjugu alisimama kando ya pikapu.

"Baba Sadia," alisema, "mkanda wa taimingi uliubadilisha lini?"

"Tangu ninunue gari sijaugusa, Mwalimu."

"Basi umezeeka. Mkanda ule ndio unaofanya sehemu ya chini na ya juu za injini ziende pamoja. Ukikatika, au ukiruka meno, pistoni zinagonga valvu. Injini kama hii inaharibika hapo hapo. Tena joto la huku linaukausha upesi. Kitabu cha gari kinasema ubadilishwe baada ya kilomita ngapi. Usingoje ukatike."

"Nitaubadilisha mwenyewe, hapa nyumbani."

"Inawezekana. Ukiwa tayari niite, nikuonyeshe alama zinazotakiwa kulingana. Kazi yote iko kwenye alama."

Adow aliitikia, lakini hakumwita. Alikuwa ametazama video kwenye simu, akaona kazi ni nyepesi. Tena wanaume wa mtaa walikuwa wakikaa kivulini mbele ya nyumba yake, wakinywa chai. Tangu abadilishe breki mwenyewe walimwita fundi. Hakutaka wamwone akielekezwa na mwanamke.

Alinunua mkanda kwa Ahmednoor, muuza spea wa karibu na soko.

"Chukua na tenshona mpya," Ahmednoor alimshauri. "Ile roli inayoukaza mkanda. Ya zamani itakusumbua."

"Yangu bado nzuri," Adow alijibu.

Siku ya kazi alifungua vifuniko vya injini kwa haraka. Akalegeza tenshona, akavuta mkanda wa zamani ukatoka. Hakulinganisha alama za kiwandani kwanza. Puli ya juu, lile gurudumu la meno linaloshika mkanda, ikajizungusha kidogo. Adow aliingiza mkanda mpya na kukaza bolti ya tenshona nusu nusu, kwa sababu spana yake haikuingia vizuri.

Kisha akatazama. Alama ya puli ya juu ilikuwa imekaa pembeni. Ilikuwa imesogea kama upana wa jino moja la mkanda. Adow aliiona. Akaitazama mara ya pili, akaiona tena.

"Fundi, bado tu?" mmoja aliuliza kutoka kivulini.

"Nimemaliza!" Adow alijibu. Moyoni akasema, si kitu. Akafunika.

Alipowasha, injini ilitetemeka na kutoa moshi. Ruweyda akatoka jikoni.

"Mbona inatetemeka hivyo?"

"Mkanda ni mpya. Utazoea."

Siku iliyofuata Adow alisafiri na Kaaha. Kwenda walifika. Wakati wa kurudi, jerikeni za maziwa zikiwa zimejaa nyuma, walisikia mlio wa chuma. Injini ikazima. Adow alijaribu stata mara moja, ikagonga vibaya. Akaiacha.

Hapakuwa na mti karibu. Kaaha alifunika jerikeni kwa shuka yake, yeye mwenyewe akakaa juani. Magari yaliyopita yalikuwa yamejaa. Maziwa ya ngamia huvumilia joto, lakini si jua la siku nzima juu ya bati. Walipopata gari la kuwavuta hadi mjini, harufu ilikuwa imebadilika. Wanunuzi walinusa na kuondoka. Kina mama wakayamwaga mchangani, jerikeni moja baada ya nyingine.

"Imekuwaje, mwanangu?" Kaaha aliuliza. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

Watu wote wakamtazama Adow. Akaikumbuka ile alama iliyokaa pembeni. Ulimi wake ukasema kitu kingine.

"Ni mkanda. Ahmednoor ameniuzia mkanda feki. Umekatika."

Maneno yalipotoka, hakuweza kuyarudisha, basi akayaongeza. Alikwenda hadi duka la spea, watu wakimfuata nyuma.

"Wewe unaua watu!" alipiga kelele mlangoni. "Umemwacha mama mzee juani!"

Ahmednoor aliinuka. "Walaal, ndugu yangu, mkanda wangu ni mzuri. Ulete niuone."

"Nilete nini? Unajua ulichoniuzia!"

Habari ilienea. Madereva walianza kulipita duka lile na kununua kwingine. Kina mama wa maziwa, waliokuwa wakimsalimia Ahmednoor kila siku, sasa walipita wametazama chini. Adow aliyaona hayo yote. Mtu akimpa pole kwa kudhulumiwa, aliitikia upesi na kuondoka.

Mwishowe Ruweyda mwenyewe alimwita Mwalimu Wanjugu. Wanjugu akaja na spana zake, akafungua kifuniko cha injini.

Akaingiza mkono, akaugusa mkanda.

"Baba Sadia, njoo," aliita. "Ulisema mkanda umekatika?"

Mkanda ulikuwa mzima. Ulikuwa mweusi, mpya, na meno yake yote yalikuwepo. Wanjugu aliisukuma tenshona kwa kidole. Ikacheza.

"Hii haikukazwa. Kwa hiyo mkanda ulilegea, ukaruka meno, na pistoni zikagonga valvu. Labda hata mwanzo alama hazikuwa sawa. Mkanda wenyewe hauna kosa."

Ruweyda alikuwa amesimama pale pale. Hakumtazama mumewe. Alitazama mkanda.

"Mwalimu," Adow alisema kwa sauti ndogo, "alama niliiona. Kabla sijafunika niliona haiko sawa."

"Uliiona, na bado ukawasha?"

"Niliona aibu kuanza upya mbele ya watu."

Wanjugu alipangusa mikono kwa kitambaa. "Injini nitakusaidia. Lakini yule mtu dukani mimi siwezi kumtengeneza."

Ruweyda ndiye aliyeleta viatu vya mumewe. Akaviweka mbele ya miguu yake, akaingia ndani.

Adow alitembea hadi sokoni akiwa ameushika mkanda mkononi. Kwanza alimpitia Kaaha. Alimweleza kila kitu akiwa amechuchumaa mbele yake.

"Kumbe ni wewe," Kaaha alisema. "Na mimi nimemwambia kila mtu kuwa Ahmednoor ni mwizi. Umenifanya nimsingizie Mwislamu mwenzangu katika uzee wangu." Akavuta shuka usoni kwa aibu. Adow hakuwahi kumwona akifanya hivyo kwa sababu yake. "Inuka. Tunakwenda wote."

Ahmednoor alikuwa peke yake dukani. Adow aliuweka mkanda mezani.

"Huu hapa. Ni mzima. Kosa ni langu, nilijua, nikasema uongo. Nisamehe."

Ahmednoor aliugeuza mkanda, akatazama meno yake.

"Ile siku ulisema ukiwa wapi?" aliuliza.

"Mlangoni."

"Kwa sauti gani?"

Adow alielewa. Akarudi mlangoni. Nje watu walikuwa wakinunua na kuuza, na wenzake wa chai walikuwemo.

"Sikilizeni!" alipaza sauti, na sauti ikamkatika. Akaanza tena. "Mkanda wa Ahmednoor haukukatika! Mimi niliufunga vibaya, nikamsingizia! Maziwa yenu niliyaharibu mimi!"

Kijana mmoja alicheka. Kaaha alisimama karibu na Adow mpaka akamaliza, kisha akamwomba Ahmednoor msamaha kwa kosa lake mwenyewe.

"Nimesikia, habaryar," Ahmednoor alimjibu Kaaha kwa upole. Kisha akamgeuzia Adow kisogo.

Kichwa cha injini kilifunguliwa na kupelekwa kwa fundi wa mashine. Valvu zilizopinda zikabadilishwa. Kiliporudi na kufungwa, ikafika zamu ya mkanda. Safari hii Adow alinunua mkanda pamoja na tenshona mpya. Tena alimwita Wanjugu mchana, wanaume wakiwa kivulini wote.

"Anza na usalama," Wanjugu alisema. "Injini iwe baridi. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Toa waya hasi wa betri, stata isije ikaamka mkono wako ukiwa ndani."

Adow alifanya hivyo.

"Sasa zungusha injini kwa spana, kwenye bolti ya puli ya chini. Taratibu, upande inaozungukia. Simama alama zikilingana. Hapa chini kuna moja. Hapa juu kuna nyingine. Na hii ya tatu ni ya pampu ya dizeli. Kila injini ina alama zake, kwa hiyo tazama kitabu cha gari lenyewe. Umeziona?"

"Nimeziona."

"Zipake rangi nyeupe kidogo na uzipige picha. Kama ungekuwa unatoa mkanda wa zamani, hapo ndipo ungeutoa, si kabla. Alama zikishalingana na mkanda uko nje, usizungushe puli yoyote peke yako."

Alimwonyesha mshale mdogo juu ya mkanda mpya. Mshale ulielekea upande wa mzunguko wa injini. Alimwambia asiukunje mkanda, asiulazimishe kwa bisibisi, wala asiuguse kwa mikono yenye oili. Walitazama kama pampu ya maji inavuja, maana pale ndipo ilipofikika kwa urahisi. Kisha Adow alikaza tenshona kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza, kama kitabu kilivyosema.

"Nimemaliza, Mwalimu. Niwashe?"

"Hapana. Zungusha kwa mkono tena, mizunguko miwili kamili. Ukisikia imekwama, usilazimishe. Kisha tazama alama."

Adow alizungusha, akainama. Alama ya juu ilikuwa imesogea kwa jino moja.

Kivulini mmoja aliuliza, "Fundi, bado tu?"

Jasho lilimtiririka Adow. Angeweza kufunika. Akanyanyua kichwa.

"Bado," alijibu. "Nimekosea. Naanza upya."

Akalegeza tenshona, akautoa mkanda, akarudisha alama taratibu huku Wanjugu akimwongoza. Alipozungusha tena kwa mkono, zote tatu zililingana. Ndipo wakafunika, wakarudisha waya wa betri, na Adow akawasha. Injini iliunguruma kwa utulivu. Ruweyda alisimama mlangoni akisikiliza, kisha akarudi jikoni na kuwaletea chai.

Tangu hapo maziwa yalifika Soko Mugdi mapema, yakiwa mabichi. Kina mama waliuza mpaka jerikeni zikawa tupu. Madereva walirudi kwa Ahmednoor mmoja mmoja. Lakini kila Adow alipopita duka lile, alipunguza mwendo na macho yakaanguka chini. Salamu yake ilijibiwa kwa kichwa tu.

Asubuhi moja alisikia hodi. Ahmednoor alikuwa amesimama langoni, gari lake nyuma yake. Mkononi alishika boksi la mkanda na la tenshona.

"Wangu umefika kilomita zake," alisema. "Watu wanasema siku hizi unajua kazi hii."

"Unaniamini, walaal?"

"Nitakaa hapa hapa," Ahmednoor alijibu. "Na hutawasha mpaka alama nizione kwa macho yangu."

"Wallahi, hivyo ndivyo inavyotakiwa," Adow alisema. Akamtandikia mkeka kivulini. Kabla ya kugusa spana, alikwenda ukutani akaita kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, "Mwalimu Wanjugu! Njoo unitazame nikifanya!"