Salamu za Lesian

Jumamosi ile sokoni Tengeru, Lesian alikuja kinyumenyume, simu sikioni, akimfokea dereva wake, akayakanyaga maparachichi ya Vaileth.

"Kaka! Unaongozwa na macho au na simu?"

Akageuka. Mbele yake palisimama msichana wa kitenge cha njano, mikono kiunoni. Gari alilokuwa akiliulizia likamtoka kichwani.

"Nisamehe, dada. Kiatu changu hakina adabu."

"Kiatu hakina simu."

Kina mama wa ndizi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jumamosi iliyofuata akarudi, shati jeupe limepigwa pasi, simu ameizima na kuinyoosha mbele yake kama mtu anayesalimisha panga. Vaileth akacheka naye. Mapenzi yakaanzia hapo.

Lesian, mtu wa Olasiti, alisimamia ofisi ya kupeleka wageni mbugani. Mwaka haukuisha, wazee wake wakaahidi kupanda Akheri, nyumbani kwa kina Vaileth, kupeleka posa, mara tu atakaporudi kutoka Ujerumani kwenye maonyesho ya utalii.

"Vai wangu, nabeba simu ya ofisi tu," alimwambia siku ya kuagana. "Ukinihitaji, piga hiyohiyo."

"Na wageni wako wakipiga?"

"Wao wanakuja kuona simba. Mimi simba wangu ni wewe."

"Haya, mume wa magari. Nenda salama, usije ukaoa na ndege."

Siku ya nne, mama yake Vaileth, Tabitha, alilazwa. Moyo ulikuwa umechoka, na masikio yalikuwa mazito tangu zamani. Akamshika binti yake mkono.

"Mwanangu, huyo mkwe nataka kusikia salamu yake, nimbariki. Sina muda wa kungoja ndege."

Simu ya Vaileth ilikuwa imeisha chaji. Akaazima ya muuguzi, akapiga. Ikapokelewa katikati ya kelele za watu.

"Kama ni gari limeharibika, mwambie Gidion! Niko na wageni, msinipigie sasa!"

Ikakatika. Vaileth hakuwahi hata kutaja jina lake.

Mama alikuwa amemkazia macho. "Amesemaje?"

Tangu apate kipaimara, Vaileth hakuwahi kumdanganya mama yake.

"Amesema shikamoo, mama. Amesema anakuja."

Uso wa yule mama ukafunguka kama wa msichana. Akaivuta simu karibu na mdomo.

"Marahaba, mwanangu," akaiambia simu iliyokatika. "Bwana awabariki na kuwalinda. Mtunze huyu. Ana maneno makali, lakini moyo wake ni laini."

Kesho yake mchana, Bwana akamchukua.

Gidion wa ofisini alipompa Lesian habari, Lesian alipiga mara ishirini. Vaileth aliitazama simu ikiwaka na kuzimika juu ya meza ya msiba, asiiguse. Wakamzika mama kati ya kahawa na migomba.

Siku ya tatu baada ya mazishi Lesian akafika, koti zito la Ulaya mkononi, viatu vimejaa tope la Akheri. Vaileth alikuwa kaburini, akiokota maua yaliyonyauka.

"Vai, niliona namba ngeni, nikadhani ni dereva. Ningejua..."

"Najua hukujua. Nimeshakusamehe. Bila hivyo ningesalije Baba Yetu?"

"Basi wazee waje. Kaka yako Joel ameniambia mama alitubariki."

"Aliitikia salamu ambayo hukuitoa, Lesian. Niliitunga mimi, akafa akiiamini. Nikivaa shela nitamsikia akisema marahaba, na hakuna mtu upande wa pili."

"Nitaiacha hii kazi."

"Usiiache. Nilikukuta na simu sikioni, nikakupenda hivyohivyo."

Lesian akapiga magoti kwenye udongo mbichi.

"Shikamoo, mama."

Akangoja. Upepo wa mlimani ukapita, majani ya migomba yakapigana. Mfukoni simu ikaanza kulia. Hakuigusa. Ikalia mpaka ikachoka yenyewe, na yeye bado amepiga magoti.

Vaileth akainama, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama mke.

"Nenda, mpenzi wangu," akasema. "Nitamwambia umefika. Safari hii ni kweli."