Cherehani Haiuzwi

Kila asubuhi Nesta alifungua kibanda chake, akafagia vipande vya nyuzi, akapangusa cherehani, kisha akaketi kungoja wateja. Kibanda kilikuwa uchochoroni, mtaa wa Mwaka, Tunduma, si mbali na mpaka. Huko barabarani malori yalipanga foleni na watu walijaa kama siafu. Uchochoroni walipita kuku, na kuku havai kitenge.

Kushona alijua sana. Magauni yake yalimkaa mtu vizuri hata akigeuka nyuma. Lakini yalining'inia ukutani mwezi mzima, yakishika vumbi.

Jumapili moja ya mwaka 2014, dada yake Fausta alikuja kutoka Mbeya na habari moto. Jirani yake anauza nguo kwenye intaneti! Hana hata kibanda, na wateja wanamtafuta wenyewe.

Nesta alikuwa na tabia moja: akisikia jambo zuri, miguu yake hutangulia kichwa. Kesho yake mapema akaenda sokoni kwa mzee Hezron, mnunuzi wa vyerehani vilivyotumika.

"Baba, Jumamosi njoo uchukue cherehani yangu," alisema. "Nataka kununua kompyuta."

Jioni Osward, mumewe, alirudi kutoka kupakia mizigo mpakani. Akaambiwa habari hiyo kabla hajavua viatu.

"Uuze cherehani?" aliuliza. "Halafu hiyo kompyuta itashona?"

"Itatangaza, baba Lwitiko! Watu wataona nguo zangu hadi Dar es Salaam!"

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Osward alisema. "Hebu nenda kwanza kwa Conjesta, fundi simu. Akisema uuze, basi uza."

Conjesta alikuwa binti wa wafugaji wa bondeni Kamsamba. Wazee wake walimtegemea achunge ng'ombe, yeye akaishia kufungua simu. Alimsikiliza Nesta mpaka mwisho, halafu akaweka chini bisibisi yake.

"Mama Lwitiko, ukiuza cherehani, hiyo kompyuta itatangaza nini?"

Lo! Hilo Nesta hakuwa amelifikiria.

"Mume wangu anasema chema chajiuza," alisema kwa sauti ndogo.

"Chema kilichofichwa uchochoroni kitajiuza kwa nani? Kwa kuku?" Conjesta akacheka. "Kutangaza ni lazima. Ila kompyuta si lazima. Kwa kuanzia, simu ya kupangusa inatosha. Ina kamera, na inaingia kwenye intaneti. Utaweka laini yenye huduma ya pesa, ili mteja wa mbali aweze kukulipa. Utanunua bando la intaneti, dogo tu. Umeme ukikatika, mimi nina sola hapa, utachaji."

"Na watu wataniona wapi?"

"Nitakufungulia ukurasa wa biashara kwenye Facebook. Huo ndio ukuta wako wa kutundikia magauni. Atakayependa atakuandikia kwa WhatsApp, mtaongea bei. Nywila yako usimpe mtu, hata mimi. Ni ufunguo wa duka."

Conjesta alikuwa na simu moja iliyotumika, nzima kabisa. Wakakubaliana: Nesta amshonee magauni mawili, achukue simu. Nesta alitoka pale karibu aruke.

Jumanne alipeleka magauni yake kwa Conjesta, akapiga picha ya kwanza, ikatoka nyeusi tii. Conjesta akamwonyesha namna nyingine: gauni litundikwe karibu na mlango, penye mwanga wa asubuhi, na nyuma yake shuka jeupe. Chini ya picha aandike bei, vipimo na mahali alipo. Na kila anayeuliza ajibiwe upesi, maana mteja wa intaneti hasubiri.

Picha sita zikapanda hewani. Nesta aliziangalia mara kumi kumi. Hata yeye alitamani kununua!

Jumatano aliipeleka simu kibandani kwake, akaiweka juu ya cherehani, akangoja. Kimya. Bando liligoma. Akaweka vocha, salio likayeyuka kabla hajafungua ukurasa. Alhamisi akaweka nyingine, nayo ikaliwa. Ijumaa hakuweka tena.

"Nilijua," alimwambia Osward, machozi yakimlenga. "Kazi hii inataka kompyuta. Mzee Hezron akija kesho, mpe cherehani."

Osward hakupenda, lakini hakutaka kumwongezea mkewe uchungu.

Jumamosi asubuhi Nesta alikwenda kwa Conjesta na simu mkononi. Alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Chukua simu yako. Ni mbovu. Inakula hela kama ugali!"

Conjesta akatazama sehemu ya juu ya kioo cha simu, akaangua kicheko.

"Mama Lwitiko, simu yako imevuka mpaka bila pasi! Ona jina la mtandao. Huu ni wa Zambia."

"Mimi sijavuka. Nilikuwa kibandani."

"Wewe hujavuka, simu imevuka. Kule kwako minara ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ina nguvu, na simu hufuata mnara wenye nguvu. Bando ulilonunua ni la hapa, kule halifanyi kazi. Kwa hiyo inakula salio, tena kwa bei ya ugenini. Kosa ni langu, ningekwambia mapema."

Akamwonyesha taratibu. Waliingia kwenye mipangilio ya simu. Kwanza wakazima matumizi ya intaneti ya nje ya nchi. Kisha wakaiambia simu isijichagulie mtandao, wakachagua wenyewe ule wa Tanzania.

"Haya, rudia wewe, nikuone," alisema Conjesta.

Nesta akarudia. Wakanunua bando. Simu ikalia, ikalia tena, haikunyamaza! Ujumbe kumi na moja. Mmoja aliuliza bei, mwingine aliuliza saizi. Mitatu ilitoka kwa mtu mmoja, Danieli, mwalimu wa kwaya wa Vwawa.

*Habari dada. Tunataka sare thelathini za Pasaka, kama lile gauni la bluu. Unaweza?*

*Dada, upo?*

*Tusipopata jibu leo kabla ya saa sita tutaagiza Mbeya.*

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Nesta akaishika simu kwa mikono miwili.

"Nikuandikie?" Conjesta aliuliza.

"Hapana! Mteja ni wangu."

Akaandika herufi moja moja: *Nipo. Samahani sana. Naweza.*

Jibu lilikuja hapohapo. Danieli aliandika kwamba bei ameiona chini ya picha, na ameshatuma pesa za vitambaa.

"Usikate kitambaa kwa kuamini maneno," Conjesta alionya. "Fungua salio lako mwenyewe."

Nesta akafungua. Pesa zilikuwemo. Alipiga kigelegele mpaka wauza mahindi wa jirani wakasimama. Halafu ghafla akakumbuka.

"Mungu wangu! Cherehani!"

Alikimbia kwa kandambili moja, nyingine ikabaki njiani. Alipofika uchochoroni, cherehani ilikuwa imeshapakiwa kwenye mkokoteni, na mzee Hezron alikuwa anakaza kamba.

"Shusheni!" alipiga kelele. "Shikamoo baba, nisamehe. Cherehani haiuzwi! Nina sare thelathini za kushona!"

"Thelathini?" Osward akamkodolea macho. Akaitazama simu, akamtazama mkewe, kisha akaanza kufungua kamba bila kuuliza tena.

"Marahaba," mzee Hezron alijibu, akijifuta jasho. "Basi siku ukitaka ya pili, unajua nilipo."

Pasaka ilipofika, kwaya ya Vwawa ilisimama kanisani ndani ya bluu tupu. Picha yao ikapanda kwenye ukurasa wa Nesta, na maagizo yakaja, mengine kutoka Mbeya kwenyewe. Nesta alishona, akajibu ujumbe, akashona. Kazi ikamzidi.

Wiki mbili baadaye mkokoteni wa mzee Hezron uliingia tena uchochoroni, kuku wakakimbia huku na huku. Safari hii ulileta cherehani ya pili. Nesta akanyoosha mikono aipokee.

"Usishushe kwanza!" Osward alimwita kutoka ndani. Alitoka na simu mkononi na shuka jeupe begani. "Isogezeni mlangoni, kwenye mwanga. Nataka kuipiga picha."