Nane Kutoa Tatu

Lidwina alikuwa barazani kwake, Mfaranyaki, akichagua mbegu za mahindi. Mvua zilikaribia, na shamba lao la Maposeni lilikuwa limeshalimwa. Punje kubwa aliziweka kwenye ungo. Zilizotobolewa na wadudu aliwarushia kuku.

Kando yake alikaa Ida, binti yake wa darasa la kwanza. Ijumaa kulikuwa na jaribio la hesabu. Ida alijua kujumlisha, lakini kutoa kulimshinda kabisa. Jana alisema kichwa kinamuuma, asiende shule. Leo akasema tumbo. Lidwina hakudanganyika. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la nne kwa kuogopa hesabu, na tumbo la namna hiyo alilijua vizuri.

"Haya, tuanze tena," alisema. Akapanga punje nane kwenye ungo. "Toa tatu."

Ida akachukua punje tatu, akaziweka chini.

"Rudisha! Mbegu ya baba yako hiyo. Isipotee hata punje moja!"

Ida akazirudisha haraka. Akazisogeza pembeni, mle mle kwenye ungo.

"Zimebaki ngapi?"

Ida akahesabu kwa kidole, moja moja. "Nane."

"Nane! We mtoto, kichwa chako kina nini?"

Machozi yakamtoka Ida. "Mimi sina akili, mama. Kesho siendi shule."

Lidwina aliumia. Maneno hayo aliwahi kuyasema yeye, kwa mama yake.

Jirani yao, Mwalimu Judica, alikuwa akianika nguo. Alikuwa mgeni kutoka Same, na alifundisha watoto wadogo. Aliyasikia yote.

"Hodi, Mama Ida."

"Karibu, Mwalimu."

"Shikamoo, Mwalimu," Ida alisema kwa kwikwi.

"Marahaba, mwanangu. Mama Ida, nisamehe kwa kuingilia. Huyu mtoto amejibu sawasawa."

"Sawasawa wapi, Mwalimu?"

"Umemwambia atoe, halafu umemkataza kutoa. Kwenye ungo zipo punje nane, naye kasema nane. Sasa hapo aliyekosea nani?"

Lidwina alitaka kubisha. Akautazama ungo, akacheka mwenyewe. "Kumbe ni mimi!"

"Mbegu tuziache zikapandwe. Tutafute kitu cha kuliwa."

Lidwina akaleta kutoka ndani bakuli la masuku, yale matunda matamu ya porini. Judica akahesabu manane, akamwambia Ida ale matatu. Ida hakuhitaji kubembelezwa.

"Ulikuwa na mangapi?"

"Manane."

"Umekula mangapi?"

"Matatu."

"Yamebaki mangapi?"

Ida akahesabu. "Matano!"

"Na yale matatu yako wapi?"

Ida akajipiga tumbo. "Humu!"

"Basi huko ndiko kutoa. Kitu kinaondoka, sisi tunahesabu kilichobaki."

"Mwalimu, si atavimbiwa masuku kabla ya Ijumaa?" Lidwina alitania.

"Ndiyo maana tunakwenda pole pole. Leo vitu vyenyewe. Kesho vidole. Anyooshe vinane, akunje vitatu. Akizoea, achore vijiti na kukata vile anavyotoa. Tarakimu tupu zije mwisho."

"Vidole? Sisi tulichapwa kwa kuhesabia vidole!"

"Na wangapi mlielewa?" Judica aliuliza. "Akishaelewa, ataviacha mwenyewe. Na akikosa, usimgombeze. Mwulize, 'Umepataje?' Atakuonyesha mwenyewe alipopotea."

Alhamisi, mama na mwana walifanya hesabu jikoni, wakichambua mboga.

"Saba kutoa mbili?"

"Sita!"

Ulimi ulimwasha Lidwina. Akaumeza ukali wake kama dawa chungu. "Umepataje, mwanangu?"

Ida akanyoosha vidole saba, akaanza kukunja. Akasita. "Aa! Nilikunja kimoja tu." Akakunja cha pili. "Tano!"

Hakulia. Lidwina ndiye aliyekaribia kulia, kwa furaha. Wakaendelea na hesabu nyingine tano, kisha wakaacha kabla mtoto hajachoka.

Ijumaa, Ida aliamka na kuvaa sare bila kuambiwa. Mchana alirudi mbio, mkoba ukimpiga mgongoni.

"Mama, nimepata nane!"

"Kati ya ngapi?"

"Kumi." Kabla Lidwina hajauliza tena, Ida alinyoosha vidole vyote kumi, akakunja vinane. Akamwonyesha mama yake viwili vilivyobaki. "Nimekosa maswali mawili tu!"

Alisema hivyo akicheka, bila aibu hata kidogo.

"Haya, kaa hapa," Lidwina alisema. "Tuone hayo mawili uliyapataje."

Ida akakaa, akafungua daftari mwenyewe.